‘Je, wajua?’ ni kitendawili kisicho na mtegaji

Agosti iliyopita nilikuwa Kitale kwa siku chache. Asubuhi moja, chai ikiwa bado inatoa mvuke, simu ikalia mara tatu mfululizo. Lilikuwa kundi letu la WhatsApp, kundi la watu tuliosoma pamoja Bungoma miaka ya sabini na ambao siku hizi tunaulizana zaidi habari za pensheni, magoti na wajukuu. Jumbe zote tatu zilianza kwa maneno ambayo nina hakika wewe msomaji umekutana nayo juma hili hili: “Je, wajua?”

Je, wajua kwamba ile kadi ndogo inayotiwa ndani ya simu huitwa mkamimo kwa Kiswahili sanifu? Je, wajua kwamba Michael Jackson aliimba kwa Kiswahili? Je, wajua kwamba Ebola ilianzia kwenye pango la Mlima Elgon? Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alijibu kwa picha tatu za kidole gumba. Mwingine akaandika, “Kweli elimu haina mwisho.” Kabla ya adhuhuri, mbili kati ya jumbe hizo zilikuwa zimenifikia tena kupitia kundi la ukoo.

Katika safu hii tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Leo naomba ruhusa niuhakiki utanzu huu mdogo. Sababu yangu ni nyepesi. Kuna watu wengi wenye akili timamu ambao hawajafungua riwaya ya Kiswahili tangu watoke shule, lakini hawapitishi siku bila kusoma na kusambaza “Je, wajua?” mbili tatu. Maandishi yanayosomwa kiasi hicho yanastahili mhakiki. Isitoshe, nina deni la kulipa, na nitalieleza mbele.

Mtegaji yuko wapi?

Utanzu huu si mgeni kwetu. Magazeti yamekuwa na vijisanduku vya “Je, wajua?” kwa miaka mingi, na redio vilevile. Ukitazama undani wake, hata hivyo, utaona kwamba babu yake ni kitendawili. Vyote viwili vinaishi kwa kitu kimoja: kumshangaza mtu kwa jambo lililokuwa mbele ya macho yake ambalo hakuliona.

Lakini kitendawili kina sheria zake. Mtegaji husema, “Kitendawili!” Hadhira huitikia, “Tega!” Akishatega, wenzake hupewa nafasi ya kujaribu. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, naye akishapewa hutamba kidogo na mji wake kabla ya kulifumbua fumbo. Hebu tuzihesabu faida za utaratibu huo. Kwanza, mtegaji yuko mbele yako. Unamjua ni mtoto wa nani na amelala wapi jana. Pili, kutojua kuna gharama: umetoa mji, na mji haurudi bure. Tatu, jibu hupimwa papo hapo. Mtoto akitoa jibu lisiloingia akilini, wenzake humzomea, na kitendawili chake hufa hapo hapo jikoni.

“Je, wajua?” imevirithi vitu vya kitendawili isipokuwa sheria. Swali na jibu huja pamoja katika ujumbe mmoja, kwa hivyo hakuna anayejaribu. Hakuna anayetoa mji. Na mtegaji hayupo. Aliyekutumia si aliyetunga. Naye ametumiwa na mtu ambaye pia alitumiwa. WhatsApp wenyewe waliliona tatizo hilo, wakaweka alama ya mishale miwili kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, na mnamo Aprili 2020 wakapunguza: ujumbe wa aina hiyo huwezi kuupeleka ila kwa kundi au mtu mmoja kwa wakati. Mishale miwili ndiyo jina pekee la mwandishi utakalolipata.

Nitachukua zile jumbe tatu moja baada ya nyingine, maana kila moja ina kasoro ya aina yake.

Maneno yaliyovalishwa sare moja

Ujumbe wa mkamimo ni sehemu ya orodha ndefu inayozunguka Afrika Mashariki yote kwa miaka sasa. Huenda unayo simuni mwako. Ndani yake kuna kadi sakima, kadiwia, kadihela, kiotomotela, kinukuzi, kirudufu, mtaliga, diski mweko, nywila, kiyoyozi, sharubati, vibanzi, maabara, shahada, uzamili na uzamifu. Kichwa chake kwa kawaida hutuaibisha: ati sisi tunaojiita Waswahili hatukijui Kiswahili.

Tatizo la orodha hii si kwamba yote ni uongo. Ingekuwa hivyo, kazi yangu ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba imechanganya maneno ya daraja tatu na kuyavalisha sare moja. Daraja la kwanza ni ya maneno yaliyokwisha kukomaa. Maabara, shahada na kiyoyozi yamo katika vitabu, na hayana la kumshangaza mtu aliyemaliza kidato cha nne. Uzamili na uzamifu ndiyo maneno tunayotumia vyuoni kila siku. Daraja la pili ni ya maneno yaliyo bado kwenye mashindano. Nywila linashindana na nenosiri. Tarakilishi linashindana na kompyuta, na lilimkuta ngamizi njiani. Haya ni maneno yenye watetezi na wapinzani, na mshindi ataamuliwa na watumiaji. Daraja la tatu ni ya maneno ambayo, katika miaka yangu zaidi ya 30 ya kufundisha na kusikiliza, sijapata kumsikia mtu akiyatumia ila anapoisoma orodha yenyewe. Mkamimo ni mojawapo. Kiotomotela ni jingine.

Msomaji asiye mtaalamu atayatenganishaje? Hawezi. Orodha haimwambii neno limetoka katika kamusi ipi, au limeundwa na nani, mwaka gani, kwa kanuni gani. Ukilifungua neno tarakilishi, angalau unaona mfupa wake: tarakimu na akili. Ukikifungua kiotomotela unaona otomatiki na tela, yaani neno la kigeni lililovishwa kiambishi cha ki-. Ukifungua mkamimo, mimi sioni kitu, na hakuna wa kumuuliza.

Wakati huohuo, mambo ya kushangaza kwelikweli yanapita mbele yetu bila “Je, wajua?” hata moja. Nenda stendi ya matatu ya Kitale, umwambie kijana anayesajili kadi za simu chini ya mwavuli kwamba unataka mkamimo. Atakutazama. Mwambie, “Nimepoteza laini yangu,” naye atakuomba kitambulisho. Laini ni neno. Lina ngeli, lina wingi, lina msemo wake, na limetungwa na umma bila kamati. Au chukua fuliza. Kitenzi hiki cha kale kina maana ya kuendelea bila kukoma, ndugu yake fululiza. Tangu huduma ya mkopo ya M-Pesa yenye jina hilo ilipozinduliwa Januari 2019, mama muuza mboga wa Chwele anasema “nimefuliza” akimaanisha amekopa kumalizia malipo. Neno lililokuwa linasinzia kamusini limeamshwa, limepewa kazi mpya, na maana mpya imeanza kuifunika ya zamani. Hilo ndilo jambo la kumwambia rafiki. Lakini halishangazi kwa sababu tunaliishi.

Kuna hasara nyingine ambayo si ya nadharia. Mpwa wangu ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili viungani mwa Kitale. Alinionyesha insha ya mwanafunzi wake, msichana mwerevu, ambaye alikuwa ameikariri ile orodha usiku kucha. Mhusika wake alipoteza mkamimo, akaenda kwenye kiotomotela, akasahau nywila. Insha ilikuwa na kisa kizuri cha baba aliyepoteza akiba ya karo, lakini kisa kilizama chini ya maneno. Mpwa wangu aliniuliza, “Sasa, mjomba, hapa nipige mstari mwekundu au nimpongeze?” Nilimwambia ampongeze kwa bidii, kisha amuulize: je, mama yako akikisoma kisa hiki, atalia? Lugha ambayo mama mtu hawezi kuililia haijawa lugha bado.

Jibu linapokufa mapema

Ujumbe wa pili ni wa kweli. Wimbo wa Michael Jackson uitwao Liberian Girl, uliomo katika albamu yake ya mwaka 1987, una maneno ya Kiswahili. Mambo mengine ya aina hiyo pia ni ya kweli. Mwaka wa 1966, miaka mitatu tu baada ya sisi kupandisha bendera yetu, tamthilia ya televisheni ya Marekani, Star Trek, ilimleta afisa Mweusi wa mawasiliano aliyeitwa Uhura, jina lililofinyangwa kutokana na uhuru. Mchezo wa vijiti vya mbao unaoitwa Jenga ulizinduliwa Uingereza mwaka wa 1983 na Leslie Scott, aliyelelewa Afrika na kukijua Kiswahili. Wimbo wa Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, ulishinda tuzo ya Grammy mwaka wa 2011, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili.

Sasa, kasoro iko wapi kama ni kweli? Kasoro ni kwamba ujumbe unakatika pale ambapo swali lilikuwa linaanza. Michael Jackson anamwimbia msichana wa Liberia. Liberia iko Afrika Magharibi, na Kiswahili hakizungumzwi huko. Kwa nini basi msichana wa Monrovia ahutubiwe kwa lugha ya Mombasa? Hapo ndipo penye jambo. Kwa Mmarekani Mweusi wa karne iliyopita, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya Afrika nzima, alama ya bara lisilogawanyika. Ndiyo sababu Maulana Karenga, alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka wa 1966, alichukua jina lake katika Kiswahili, kutokana na matunda ya kwanza, ijapokuwa wengi wa mababu waliosafirishwa utumwani Marekani walitoka pande za Atlantiki. Na ndiyo sababu Lionel Richie, katika wimbo wake maarufu wa mwaka 1983, aliweza kutia maneno ya kubuni yasiyo ya lugha yoyote, na watu wakasema bila wasiwasi, “Hicho ni Kiswahili.”

Ona jinsi ukweli mmoja ulivyozaa maswali matatu. “Je, wajua?” haitaki maswali hayo. Inataka tufurahi kwamba tumetajwa. Nami nafurahi, lakini furaha ya kutajwa na wakubwa ni njaa ya mdogo. Tukiishi kwa kuhesabu mara ambazo Hollywood imetuazima neno, tutasahau kuuliza walilifanyia nini.

Pango lililobebeshwa ugonjwa

Ujumbe wa tatu ndio ulionichelewesha chai. Kitum ni pango lililo upande wa Kenya wa Mlima Elgon, safari fupi kutoka Kitale. Watu wawili waliokuwa wamelitembelea, mmoja mwaka wa 1980 na mwingine mwaka wa 1987, waliugua na kufa. Ugonjwa ulikuwa Marburg. Haukuwa Ebola. Marburg ni mji wa Ujerumani ambako, mwaka wa 1967, wafanyakazi wa maabara waliambukizwa na nyani waliotoka Uganda. Ebola ni jina la mto ulio katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, na ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka wa 1976. Virusi hivi viwili ni vya ukoo mmoja. Mwaka wa 1994 Richard Preston alichapisha kitabu chake, The Hot Zone, kilichosimulia Kitum na Ebola ndani ya majalada yale yale. Wasomaji wakayachanganya, na waliosimuliwa na wasomaji wakachanganya zaidi. Leo mlima wetu umebeba ugonjwa usio wake.

Mtu ataniambia, “Profesa, Marburg au Ebola, si vyote vinaua?” Naam, vyote vinaua. Lakini Oktoba 2017 Marburg ilizuka Kween, upande wa Uganda wa mlima huohuo, na maafisa wa afya wa Trans Nzoia wakawekwa katika hali ya tahadhari. Katika majira kama hayo, familia iliyoko Endebess inaamua kama itampeleka mgonjwa hospitalini au itamficha nyumbani, na inaamua kwa kutumia habari iliyo mfukoni mwake. Ujumbe uliotumwa kwa mzaha mwaka jana ndio unaosomwa kwa hofu mwaka huu.

Jambo la ajabu ni kwamba pango la Kitum lina habari ya kweli inayopita uongo kwa uzuri. Tembo huingia ndani yake usiku, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, wakamega kuta kwa pembe ili wale mwamba ulio na chumvi. Wamefanya hivyo kwa vizazi na vizazi hata kuta zikabaki na makovu. Mskoti Joseph Thomson alipofika kwenye mapango ya Elgon mwaka wa 1883, aliyatazama akaona lazima yamechimbwa na taifa la kale lililostaarabika, akawafikiria Wamisri. Hakuwafikiria wenyeji, sembuse tembo. Ilikuwa “Je, wajua?” ya zama zake, na haikuwa sahihi. Lakini Thomson aliichapisha mwaka wa 1885 katika kitabu chenye jina lake. Waliokuja baadaye walijua wanabishana na nani. Kosa lenye mwenyewe linaweza kusahihishwa. Kosa lenye mishale miwili halina mlango wa kubisha.

Deni langu

Sasa nifike kwenye deni nililotaja. Baada ya kuwasahihisha wenzangu kuhusu Ebola, kichwa kilinivimba kidogo. Nikaona nami nitoe yangu. Niliandika: “Je, wajua? Jina Bungoma si la Kibukusu. Limetokana na Bongomek, jamii ya Wasabaoti walioishi hapa kabla yetu.” Nikaweka simu chini, nikaendelea na chai.

Nilipoichukua tena, kundi lilikuwa limewaka. Mbukusu mwenzangu aliandika kwamba jina ni letu tangu na tangu: ni engoma, ngoma, pamoja na bu- ya mahali, kama ilivyo katika Buganda na Busoga. Rafiki yetu Msabaoti, ambaye nyumba yao iko karibu na Kapsokwony, akaandika sentensi fupi: “Asante ndugu kwa kukiri. Wengine wenu wataambiwa lini?” Kimya kikafuata. Kisha ukaja ule mstari mdogo wa kijivu unaosema mtu fulani ametoka. Alikuwa mtu niliyeketi naye dawati moja kwa miaka miwili.

Nilikuwa nimesema uongo? Hapana. Kisa cha Bongomek ndicho kinachotajwa zaidi katika maandishi, na sauti zenyewe hazikatai: -ek ni kiambishi cha wingi katika lugha za Kikalenjin, na msemaji wa lugha ya Kibantu angekiangusha na kufunga neno kwa irabu. Kisa cha engoma nacho kinatii sarufi ya Lubukusu vizuri kabisa. Lakini kutii sarufi si ushahidi. Asili nyingi za majina zinazobuniwa na watu hutii sarufi. Ndiyo maana zinapendeza. Mimi bado naegemea Bongomek.

Nilichokosa hakikuwa ukweli. Nilisahau kwamba katika nchi hii ya mlimani jina la mahali ni hati ya shamba. Watu waliuana hapa katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Waliuana tena kati ya 2006 na 2008, wakati wa kundi la SLDF, na kiini chake kilikuwa ardhi. Swali la nani alifika kwanza halijawahi kuwa burudani Cheptais. Mtu wa Nairobi anaweza kuambiwa kwamba jina la jiji lake ni la Kimaasai, lina maana ya maji baridi, akatabasamu na kuendelea na safari. Kwetu habari ya aina hiyo hupokelewa kama wito wa mahakamani. Jina la mahali hutuambia ni nani aliyepaita; halituambii ni nani anayepaswa kuhamishwa. Sentensi hiyo ndiyo niliyopaswa kuiandika chini ya ujumbe wangu. Utanzu wa “Je, wajua?” hauna nafasi yake, nami sikuitafuta.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, “Hayo umeyatoa wapi?” Waliokubali walikubali kwa sababu mimi ni profesa, na waliokataa walikataa kwa sababu mimi ni Mbukusu msaliti. Cheo changu kilifanya kazi ileile ya mishale miwili: kilimpa msomaji sababu ya kutouliza.

Nipe mji

Aliyetuokoa ni yule mwalimu mstaafu wa vidole gumba. Siku mbili baadaye aliandika neno moja kundini: “Kitendawili!” Tulikaa kimya, wazee wazima. Hatimaye mtu mmoja akajibu, “Tega.” Naye akatega: “Nyumba mbili zisizosikilizana, watoto wanane, majina yale yale.”

Tulijaribu. Mmoja alisema siku za juma. Mwingine alitaja kaunti. Msabaoti wetu akasema sayari. Tulipochoka, mwalimu akadai mji. Rafiki yetu wa Kapsokwony akaandika, “Haya, chukua Bungoma.” Mwalimu akajibu, “Nimeuchukua. Kuanzia leo si wa Mbukusu wala wa Msabaoti, ni wangu, na kodi mtalipa kwangu.” Ilikuwa mara ya kwanza kundi kucheka tangu nilipolichafua.

Jibu lilikuwa marika. Sisi Wabukusu tuna marika manane ya tohara yanayozunguka na kurudi: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Mimi mwenyewe ni wa rika la Chuma. Mwalimu alimwomba Msabaoti ataje ya kwao kwa sauti, akatuma rekodi. Ukiyaweka majina ya Kikalenjin kando ya yetu, unasikia Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe. Ni Kananachi tu linalokaa pembeni, halifanani waziwazi na mwenzake Kaplelach. Hesabu za miaka hazilingani, na kila upande una kalenda yake. Lakini majina ni yale yale, yamepindwa kidogo na ulimi wa kila jamii.

Wabukusu tunayo masimulizi ya Mango, shujaa aliyeliua joka kisha akatahiriwa kwa mkono wa ngariba wa jirani zetu hao. Wimbo wa sioyaye ambao vijana wetu huusikia kila Agosti ya mwaka usiogawika vibaya kwa mbili, yaani mwaka shufwa, unarudi kwake. Kwa maneno mengine, kitu tunachokiona kuwa ndicho kiini cha Ububukusu wetu tumekipokea, au tumekishiriki, na watu ambao tunabishana nao kuhusu mpaka. Kila mtu katika kundi lile alilijua rika lake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuyaweka majina hayo sambamba.

Tofauti ya ujumbe wangu na wa mwalimu haikuwa katika usahihi. Yeye alisimama pale, akatega, akasubiri, akatuacha tukosee, kisha akampa yule aliyeumia nafasi ya kulikamilisha jibu kwa sauti yake mwenyewe. Mimi nilitupa jiwe, nikarudi kwenye chai.

Sipendekezi tuache kuambiana mambo ya kushangaza. Udadisi ndio mama wa elimu, na mwenye kuudhihaki hana haki ya kushika chaki. Napendekeza tuurudishie utanzu huu sheria za babu yake. Ukituma, weka jina lako na useme umelitoa wapi: kitabuni, kwa bibi yako, au kwa macho yako. Ukipokea, uliza. Na ukiona neno linagusa ardhi, damu au ugonjwa, lishike kwanza mpaka uweze kulisema ukiwa umemtazama machoni yule linalomhusu.

Mwalimu mstaafu ametuma nyingine juzi. Anasema kwamba mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini ni kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya paa mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, ambaye akiogopa hujizamisha majini akaacha pua tu. Chini akaandika jina lake, kisha: “Anayebisha tukutane langoni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nauli yake mwenyewe.” Watu sita tumejiandikisha. Yule aliyetoka kundini bado hajarudi. Nimempigia simu mara mbili. Mara ya pili alipokea, tukazungumza kuhusu mvua na mahindi. Jumamosi nitampitia nyumbani kwake, nibishe hodi, nimwambie nina kitendawili.